Generoza na Kadi ya Kuamshia Mashine

Watu wa siku hizi wakiniambia kompyuta imewasumbua, huwa nawatazama tu. Wamebonyeza, imewasubirisha dakika moja, wamekunja uso. Mimi niliwahi kumwona mwanamke akipigania nyumba na kaburi kwa ncha ya penseli, ndani ya kompyuta yenye ukubwa wa kabati la nguo, hapa hapa Bariadi, huku dizeli ya jenereta ikipungua na mimi ndiye niliyekuwa nikiipima kwa kijiti. Mwanamke huyo ni Generoza, mke wa rafiki yangu Maige. Nasimulia mimi kwa sababu yeye ukimwuliza atakuambia ilikuwa kazi kama kazi nyingine.

Ni mtu wa Mwamanyili, kwa wakulima wa pamba na mpunga. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1983. Chama chetu cha ushirika kilipopewa kompyuta na wafadhili, kilimpeleka Mwanza miezi sita kujifunza kuiendesha. Alirudi na cheti na daftari moja la mistari ambamo alikuwa ameandika kila neno aliloambiwa na mhandisi wa Kizungu. Kiwandani tulimcheka. Mimi nilikuwa mtunza stoo, na nilisema mbele za watu kwamba chama kimenunua kabati la kuhifadhia upepo. Yeye alifunga mlango wa chumba chake akaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika vibarua wa msimu. Kiwanda cha kuchambua pamba huajiri watu miezi michache kila mwaka, kisha wanarudi shambani mpaka pamba nyingine. Kila mtu alikuwa na kadi ya karatasi stoo kwangu, na kila msimu Generoza aliingiza hesabu ya misimu yake kwenye mashine. Mwaka 1986 aliolewa na Maige, mpima mizani. Baba yake Maige, mzee Mashimba, alikuwa kibarua upande wa kufunga marobota, mtu wa Nkoma aliyehamia kwetu zamani na kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma nyuma ya kiwanda, kwenye ardhi ya chama, kama walivyojenga wenzake wengi. Generoza alihamia nyumba hiyo. Mkwewe wa kike alipofariki, alizikwa hapo hapo, hatua chache kutoka jikoni.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao, wakalipa papo hapo, na mkulima naye si mjinga. Chama kikasinyaa. Kufikia 1996 kiwanda kilikuwa kimefungwa, umeme umekatwa, na mnunuzi amepatikana. Maige alikwenda Maswa kutafuta kibarua kwenye kiwanda cha mtu binafsi. Sisi tuliobaki tukaletewa ofisa wa ufilisi, Bwana Januarius, mwenye mkoba wa ngozi na masharti yaliyopigwa chapa. Sharti lililotugusa lilikuwa moja. Kibarua aliyefanya kazi misimu kumi au zaidi atamilikishwa kiwanja alichojenga. Ambaye orodha haimtaji, nyumba yake ni ya mnunuzi, na mnunuzi alitaka sehemu yote ile iwe uwanja wa malori.

Januarius akaniomba kadi. Nilimpeleka stoo nikiwa nimeinamisha kichwa. Mchwa walikuwa wameingia kupitia ukuta wa nyuma tangu mwaka uliotangulia, wakala masanduku yote manne, wakabakiza vumbi na pini za chuma. Stoo ilikuwa yangu na uzembe ulikuwa wangu. Hadi leo nikiona kichuguu nahisi aibu.

"Basi hakuna orodha," alisema Januarius.

"Ipo kwenye kompyuta," alisema Generoza aliyekuwa amesimama mlangoni.

Januarius alisema kiwanda alichotoka kukikabidhi, watu walimletea orodha ya mkono yenye majina ya marehemu na ya shemeji zao. Karatasi ya mkono hatapokea. Mashine ikichapa yenyewe mbele ya macho yake, atapokea. Kesho yake saa nane mchana angeondoka kwenda Shinyanga kukabidhi faili, na hangerudi tena.

Shida ni kwamba mashine haikuwa imeamka kwa miaka mitatu. Mwaka 1993 alikuja fundi mmoja kutoka Dar es Salaam, akaifungua, akajaribu kuifanya isome kanda badala ya diski, akashindwa, akaondoka na posho yake. Tangu siku hiyo ukiiwasha iliunguruma tu, haikusema lolote. Generoza alijua fundi amegusa nini. Alikuwa amegusa kadi ya kuamshia.

Alinieleza kesho yake asubuhi, saa tatu, nilipokuwa nikiburuta waya wa jenereta dirishani. Mashine ile ikiwaka haijui chochote, hata haijui kwamba ina diski. Ndani yake kuna kadi moja, bamba la kijani lenye upana wa sahani, ambayo kazi yake ni kuiambia neno la kwanza: nenda mahali fulani, anza kusoma. Mahali penyewe panachaguliwa kwa swichi kumi zilizopangwa mstari mmoja, kila moja ndogo kama punje ya mchele. Zikikaa sawa, mashine inaamka. Moja ikikosewa, inalala.

"Na wewe unajua zinavyokaa?"

"Nilizichora Mwanza, shemeji." Alifungua daftari.

Nikasonga karibu. Ukurasa ulikuwa na visanduku vya mraba, kila kimoja na mshale wa juu au chini. Vilikuwa sita. Baada ya hapo ukurasa ulikuwa umeliwa, pembe nzima, kwa ukingo ule wa kumung'unywa ninaoufahamu. Daftari alikuwa ameliacha stoo kwangu, kwenye rafu, kwa usalama.

Swichi nne hazijulikani. Kila moja juu au chini. Generoza alichukua kipande cha boksi akaandika njia zote zinazowezekana, zikawa kumi na sita. Kila jaribio lilitaka kuzima, kusubiri diski iache kuzunguka, kuchomoa kadi, kugeuza swichi kwa ncha ya penseli, kuirudisha, kuwasha, kusubiri diski ishike kasi. Robo saa. Kumi na sita mara robo saa ni saa nne kamili. Nilichovya kijiti kwenye dumu. Nilikuwa na dizeli ya saa tatu, nikibahatika.

Mzee Mashimba alikuwa amefika na wazee wenzake. Walikaa kwenye benchi nje ya dirisha, wamevaa makoti. Generoza alitoka akapiga goti mbele ya mkwewe, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayo," alijibu, akimwita mama. "Imeamka?"

"Bado, baba."

"Haya. Sisi tupo."

Jaribio la kwanza, kimya. La pili, kimya. Feni ziliunguruma, taa nyekundu ikawaka, na mashine ya kuchapa iliyounganishwa nayo, ambayo ilipaswa kugonga alama moja ya kusema niko tayari, haikutikisika. Kila mara Generoza alikata mstari mmoja kwenye boksi. Mikono yake ilikuwa mikavu na taratibu. Yangu ilikuwa inalowa jasho, na sikuwa nikifanya lolote zaidi ya kushika tochi. Jaribio la nne alirudisha kadi vibaya kidogo, tukasikia mlio wa kukwaruza, nikadhani tumeiua. Aliitoa, akaifuta meno yake ya shaba kwa kanga, akaisukuma tena mpaka ikakaa. Kimya. La tano. La sita.

Saa nne na nusu Januarius alichungulia, akatazama saa yake ya mkono, akaondoka bila kusema kitu. Ningependa angesema. Mtu akikutukana unapata cha kujibu.

"Zima jenereta," alisema Generoza.

"Shemeji, muda hatuna."

"Zima. Dizeli ikiisha tukiwa katikati, na muda ukiwepo hautatusaidia."

Nikazima. Ukimya ulipoingia, tukasikia wazee wanavyokohoa nje. Generoza alikaa sakafuni na ile kadi mapajani, akaitazama kama anavyotazama mchele anaouchambua. Mimi nilikasirika. Nilikasirikia mchwa, fundi wa Dar es Salaam, wafadhili, na hata yeye kwa kukaa. Nikaanza kulalamika tu ili nisinyamaze. Nilimwambia hata kadi yenyewe imepangwa ovyo. Ina nafasi nne za kuchomekea, na vile vidude vyeusi vyenye miguu kama tandu vipo viwili tu, kimoja nafasi ya kwanza, kingine kimejitenga nafasi ya tatu. Stoo kwangu ukiweka vitu hivyo nakufukuza.

Aliinua uso polepole.

"Kaka Kasmiri, umesema nafasi ya tatu?"

"Si unaona mwenyewe."

"Kidude cha diski kilikuwa cha kwanza. Siku zote kilikuwa cha kwanza." Alikigeuzia mwanga kile cha nafasi ya tatu. Kiliandikwa herufi ndogo za diski. Kile cha kanda ndicho kilichokuwa nafasi ya kwanza. Yule fundi alikuwa amevihamisha. Kisha Generoza akafumba macho, na nikamwona midomo ikitembea, anatafuta sauti ya mtu aliyemfundisha miaka kumi na zaidi nyuma. Alipofumbua alizungumza haraka, jambo ambalo si tabia yake. Mhandisi aliwaambia zile swichi nne za mwisho zimegawanyika mara mbili. Mbili za kwanza zinataja chumba, na mbili zinazofuata zinataja kitanda ndani ya chumba hicho. Vyumba ndizo zile nafasi nne. Hata daftari lingekuwa zima lingetupeleka chumba cha zamani, tungemkuta mtu mwingine kalala humo. Chumba cha tatu kinaandikwa juu, chini. Hilo alilikumbuka. Kitanda hakukikumbuka.

Kwa hiyo njia kumi na sita zikawa nne, na moja kati ya hizo nne tulikuwa tumeshaijaribu. Zilibaki tatu. Nilienda kuvuta kamba ya jenereta nikiwa nakimbia, mimi mtu mzima.

Ya kwanza, kimya.

Sitasahau ule uso wake. Hakulia, hakusonya, ila rangi ilimtoka. Nje, mzee Mashimba alikuwa amesimama ameshika nondo za dirisha. Nikamwambia Generoza apumzike kidogo, akanijibu kwa ukali, mara ya kwanza na ya mwisho kunijibu hivyo, kwamba atapumzika nyumba ikibomolewa. Akageuza swichi moja. Akasukuma kadi. Akaniashiria.

Niliwasha. Feni. Taa nyekundu. Diski ikaanza kupanda sauti kama kawaida. Tulisubiri, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu iliyobaki, moja tu, nilipoona kichwa cha mashine ya kuchapa kinaruka. Kiligonga mstari wa namba, kikashuka, kikagonga alama moja na kukaa.

Generoza alivuta kiti. Akabonyeza herufi mbili. Diski ikakwaruza, ikafikiri, na maneno yakaanza kutoka, jina la chama chetu, tarehe ya mwaka 1993. Nilimwita Januarius kwa sauti iliyopasuka. Alikuja akasimama nyuma ya kiti chake mikono kifuani. Generoza akaomba orodha ya waliotimiza misimu kumi na zaidi, na karatasi pana yenye matundu pembeni ikaanza kupanda. Wino wa utepe ulikuwa umekauka, herufi zilitoka hafifu, lakini zilisomeka. Namba, jina, misimu. Wazee walisogea wote dirishani, nami nikawa nawasomea kwa sauti, na kila jina likitoka mtu mmoja nje alishusha pumzi.

Ndipo nikafika namba mia moja na kumi na saba. Nikaacha kusoma. Palipotakiwa jina palichapwa MZEE WA NKOMA. Misimu kumi na tisa.

Nilimtazama Generoza. Alikuwa ameona kabla yangu.

Kwao Mashimba wanaheshimiana kwa namna ya zamani. Mke wa kijana hamtaji baba mkwe kwa jina, wala mbele yake wala nyuma yake, na hata mtu mwingine mwenye jina hilo atamwita kwa namna nyingine. Msimu wa 1986, wa kwanza kuingizwa kwenye mashine, Generoza alikuwa na miezi mitatu ndani ya nyumba ile. Alipofika namba 117 vidole vilikataa. Baadaye aliniambia alikusudia kuniomba mimi niandike herufi hizo, akaona haya, maana nilikuwa bado namcheka kuhusu kabati la upepo. Akaweka lile wanalolitumia nyumbani, akajiambia atarekebisha. Tangu hapo kila msimu aliongeza moja kwenye hesabu, bila kuangalia tena jina.

Karatasi ilimalizika. Januarius aliichana, akaketi, akaanza kutia vema kila jina kwa kalamu nyekundu. Kalamu ikasimama.

"Huyu nani?"

"Ni mzee Mashimba huyo hapo dirishani," nilisema upesi. "Kila mtu anamjua."

"Sikukuuliza wewe. Wewe ndiye uliyekula kadi na mchwa wako." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na nadhani alikuwa pia anaogopa wakubwa wake. "Mama, orodha hii umeiingiza wewe. Nasikia huyu ni mkweo, na nyumba yake ndiyo unayokaa. Siwezi kupeleka Shinyanga jina ambalo si jina. Aliyeingiza anataja, mhusika anaitika, mimi naandika pembeni na wewe unaweka sahihi. Au namkata, tuendelee."

"Naomba kaka Kasmiri aandike," alisema Generoza. "Mimi nitaweka sahihi."

"Orodha haiguswi na mtu mwingine. Taja."

Nikamwambia Januarius kwamba kuna mila hapa, kwamba anachomtaka mwanamke huyu ni kama kumtaka avue nguo mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye ni mtu wa Ukerewe, mila anazijua, na mnunuzi hazijui. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Dereva wake alikuwa ameshawasha gari.

Wazee waliokuwa dirishani walitawanyika kidogo, wakatazama chini, wakijifanya wanatafuta viatu vyao. Mzee Mashimba hakutawanyika. Alizunguka akaingia kwa mlango, akavua kofia, akasimama. Angeweza kumwambia mkwewe sema tu, lakini hakumwambia. Nadhani hata yeye hakuwa na haki ya kumruhusu, au hakutaka aonekane amemruhusu. Alisimama tu pale na kofia mkononi, mtu aliyefunga marobota misimu kumi na tisa, anasubiri kuitwa.

Generoza alinyanyuka kwenye kiti. Alipiga magoti yote mawili kwenye sakafu ile yenye mafuta, akainamisha kichwa kiasi kwamba kanga ilimfunika uso. Nilitamani kutoka nje, na nilijua nikitoka atabaki peke yake na Januarius, kwa hiyo nikakaa. Januarius akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari, tayari kukata.

"Mashimba," alisema Generoza. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kila herufi ilisikika. "Mashimba Ngeleja. Wa Nkoma."

Mzee alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Wakati wa kufunga marobota, msimamizi alipoita majina asubuhi, vibarua waliitika kwa neno moja, na ndilo alilolipata.

"Nipo," alisema.

Januarius aliandika, akamsogezea Generoza karatasi. Aliweka sahihi akiwa bado magotini, na hakusimama. Mzee alivaa kofia, akatoka, akapita mbele ya wenzake bila kumsemesha mtu, akaelekea nyumbani kwake. Nikasikia Januarius anaita namba mia moja na kumi na nane.